Singapore ya Michigan: mji wa mbao uliofukiwa na mchanga, na nani hasa aliuua

Kisa cha Singapore ya Michigan huwa kinasimuliwa kwa sentensi mbili tatu tu: kulikuwa na mji wa mbao pembeni ya Ziwa Michigan, mwaka 1871 Chicago ikaungua, watu wa Singapore wakakata miti yote ili waiuzie Chicago mbao, upepo ukaja na mchanga, ndani ya miaka minne mji ukafukiwa. Basi. Na ni kisa kitamu kwelikweli, kina dhambi na kina adhabu humohumo, ndo maana watu hawachoki kukirudia. Ila ukipanga matukio kwa miaka yake, moja baada ya lingine, unagundua mchanga unasingiziwa. Mchanga ulikuja kwenye mazishi. Muuaji ni mwingine kabisa, na aliondoka mchana kweupe akiwa na mashine zake.

Tuanze na mahali penyewe. Ni jimbo la Michigan, Marekani, upande wa magharibi, pale Mto Kalamazoo unapoingia Ziwa Michigan. Hilo ziwa usilione dogo, lina kama kilomita za mraba 58,000, yani linakaribia Ziwa Victoria, na upepo wake mkubwa unatoka magharibi, unavuka maji yote hayo bila kukutana na kitu, halafu unapiga ufukwe wa mashariki ambao ni vilima vya mchanga mtupu kwa kilomita na kilomita. Ukiwa Grand Rapids, ambako siku hizi Wakongo wanaoongea Kiswahili wamejaa, ni safari ya gari ya kama saa moja hivi kwenda kusini magharibi. Leo eneo hilo linaitwa Saugatuck Township, ndani ya kaunti ya Allegan.

Township ya Michigan isikuchanganye, sio mji mdogo. Ni kipande cha ardhi ya shamba chenye serikali yake, tuseme kama kata, ina baraza, ina msimamizi, ina karani na mweka hazina, na ndo yenye sauti ya nani ajenge nini wapi. Michigan karibu yote ilikatwa hivyo, miraba ya maili sita kwa sita, wapimaji wakipita porini na minyororo yao wakipiga mistari iliyonyooka juu ya mito na vinamasi kama vile havipo, lengo likiwa moja tu, ardhi iuzike. Hii ya kwetu ilianza mwaka 1836 kwa jina la Newark, ikiwa kubwa kuliko ilivyo leo maana ilibeba maeneo ambayo baadaye yalimegwa yakawa township zake zenyewe, na jina la Saugatuck likaja mwaka 1861. Kabla ya hapo ardhi ilikuwa ya Waodawa, Waojibwe na Wapotawatomi, ikachukuliwa kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1821. Mzungu wa kwanza kuweka makazi ya kudumu pale, William Butler, alifika mwaka 1830, akaanzisha kijiji juu kidogo ya mto ambacho watu walikiita The Flats. Kikumbuke hicho kijiji, ndo Saugatuck yenyewe, tutakirudia.

Sasa mwaka 1836 Michigan ilikuwa imeshikwa na homa ya viwanja. Serikali ya Marekani inauza ardhi dola 1.25 kwa ekari, na mwaka huo mmoja tu ziliuzwa zaidi ya ekari milioni 4 ndani ya Michigan. Wengi wa wanunuzi hawakuwa wakulima, walikuwa madalali wa New York na majimbo ya mashariki, anakuja anashika kipande kwenye mdomo wa mto, anachora mji kwenye karatasi, barabara, uwanja wa wazi, gati, kanisa, halafu anarudi mashariki kuuza viwanja vya mji ambao haujawahi kuona hata kibanda. Sisi huku tunawajua hawa watu vizuri tu, ramani ya rangi, barabara ya mita 12, huduma zote za jamii zipo jirani, ukifika unakuta kichaka na kigingi.

Mmoja wao alikuwa Oshea Wilder. Yeye na wenzake wakachukua upande wa kaskazini wa mdomo wa Mto Kalamazoo wakaupa jina Singapore, na matangazo hayakuwa ya kitoto, mji huu utashindana na Chicago na Milwaukee. Tusimcheke sana maana kwa wakati ule halikuwa wazo la kichaa, Chicago yenyewe bado ilikuwa kamji tu ka matope, na usafiri wote wa maana ulikuwa wa maji, kwa hiyo kila mdomo wa mto unaoingia Ziwa Michigan ulikuwa na haki ya kuota ndoto. Tofauti ni kwamba nyuma ya Chicago kulikuwa na mbuga kubwa ya nafaka, na baadaye mfereji na reli. Nyuma ya Singapore kulikuwa na miti. Hii ndo nukta ambayo kisa chote kinaning'inia hapo, na mtu yeyote aliyekuwa na macho angeiona tangu siku ya kwanza: mji ulikuwa na bidhaa moja tu ya kuuza, na bidhaa yenyewe ilikuwa haipandwi tena.

Kabla ya mbao kushika kasi lakini kuna sehemu ya benki, na hii siwezi kuipita.

Michigan iliingizwa rasmi kuwa jimbo Januari 1837, na miezi miwili baadaye bunge lake likapitisha sheria ya benki iliyolegea kupita kiasi. Kikundi chochote cha watu wenye mali kidogo kingeweza kufungua benki na kuchapisha noti zake, mradi wawe na kiasi fulani cha sarafu halisi, za dhahabu na fedha, ndani ya sanduku, na wakaguzi watapita kuangalia. Halafu mwaka huohuo uchumi wa Marekani ukaanguka, benki kubwa zikasitisha kubadilisha noti kwa sarafu, na Michigan ikaruhusu benki zake nazo zisitishe. Fikiria hiyo hali, benki inazaliwa leo ikiwa tayari imeruhusiwa isikulipe. Kila mwenye kiwanja kichakani akafungua benki, na zilipendwa kuwekwa mbali porini kusudi mwenye noti akitaka kwenda kudai sarafu zake apotee njiani. Singapore nayo ikawa na ya kwake, Bank of Singapore, noti nzuri zenye picha na sahihi, mji wa watu wachache wa kuhesabu lakini noti zake zinatembea.

Shida ilikuwa wakaguzi. Walipoanza kuzunguka, sarafu nazo zikaanza kuzunguka, yani sanduku lilelile la sarafu linaonyeshwa benki hii leo, usiku linabebwa linaenda kuonyeshwa benki inayofuata. Wakaguzi wenyewe waliandika kwenye ripoti yao ya mwaka 1839 kwamba dhahabu na fedha ilikuwa ikiruka nchi nzima kama mazingaombwe, mlio wake unausikia katikati ya msitu ila hujui imetoka wapi wala inaenda wapi. Kwenye benki nyingine za jimbo hilohilo walifungua masanduku wakakuta juu kuna safu ya sarafu zinametameta, chini misumari. Kuhusu Singapore simulizi inayopendwa pale kijijini ni kwamba walikuwa wanachangia sarafu na benki ya Allegan, mji ulio juu ya mto, mkaguzi akishamaliza kwa mmoja anakirimiwa vinywaji mpaka analewa, huku nyuma mzigo unapelekwa mbio kwa mwenzake, na asubuhi mkaguzi kichwa kinamuuma anahesabu sarafu zilezile alizozihesabu jana. Kama kila neno la simulizi hiyo ni kweli au limeongezwa chumvi, mchezo wenyewe wa kuzungusha sarafu ulikuwepo na umeandikwa na wakaguzi. Benki ikafa haraka kama zilivyokufa karibu zote za sheria ile, na mwaka 1844 Mahakama Kuu ya Michigan ikasema sheria yenyewe ilikuwa kinyume cha katiba. Noti za Singapore siku hizi zinanunuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, kwa hiyo hatimaye zimepata thamani.

Nimeizungumzia benki kirefu kwa sababu inaonyesha mji ulivyosimama. Wilder na kundi lake waliuza matumaini, matumaini yakaisha mwaka 1837, na kilichobaki mkononi baada ya hapo ni kiwanda cha kupasua mbao na wafanyakazi wake. Singapore iliyoishi karibu miaka 40 iliyofuata ilikuwa makambi ya kiwanda yenye mitaa, haikuwa tena bandari ya kushindana na yeyote. Sisemi kwa dharau. Kwa kilele chake ilikuwa na mashine tatu za mbao, hoteli mbili, maduka kadhaa, ikawa inaipita The Flats kwa shughuli, na watu wa The Flats walikuwa wanaenda Singapore kutafuta vitu na kazi.

Maisha yenyewe hayakuwa mepesi. Mwaka 1842 walipigwa na dhoruba ya theluji ambayo kwenye kumbukumbu za pale inaitwa ya siku 40, na inasimuliwa kwamba kilichowaokoa na njaa ni meli inaitwa Milwaukie iliyovunjika karibu na ufukwe wao, wakatoa vyakula vilivyokuwemo. Mji unaotegemea meli ipite ili ule, na meli isipopita inabidi izame. Hakuna shamba la maana, mchanga hauoti mahindi. Kila gunia la unga linaingia kwa maji na kila ubao unatoka kwa maji.

Mbao zilikuwa zinaenda wapi? Chicago. Watu wengi wanadhani Chicago ilianza kuitafuna Michigan baada ya moto, lakini biashara hiyo ilikuwa imepamba miaka mingi kabla, Chicago ilishakuwa soko kubwa la mbao kuliko yote duniani, maana mashariki yake kuna misitu ya paini nyeupe na magharibi yake kuna mbuga isiyo na mti ambako wakulima wanataka nyumba, ghala na uzio. Mti unaangushwa kipindi cha baridi, gogo linaburutwa juu ya theluji mpaka mtoni, barafu ikiyeyuka linaelea kushuka Mto Kalamazoo mpaka Singapore, linapasuliwa, mbao zinapakiwa kwenye jahazi za ziwani, zinavuka kwenda Chicago. Angalia hapo kitu, magogo yalikuwa yanashuka na mto kutoka ndani ya kaunti. Kwa hiyo uhai wa kiwanda ulitegemea misitu ya bara zaidi kuliko miti ya pale ufukweni. Hii inakuja kuwa muhimu sana.

Mwanaume wa kumfuatilia hapa ni Francis Stockbridge. Alizaliwa Maine mwaka 1826, akafungua duka la mbao Chicago akiwa kijana, mwaka 1851 akahamia kaunti ya Allegan kuendesha viwanda vyenyewe, yani alianzia sokoni akarudi nyuma mpaka kwenye chanzo. Kiwanda cha Singapore kikawa chini ya kampuni ya O. R. Johnson ambayo yeye alikuwa mshirika. Baadaye akaingia bunge la jimbo, na kuanzia mwaka 1887 mpaka kifo chake mwaka 1894 alikuwa seneta wa Michigan kule Washington. Tajiri aliyeanzia kwenye vumbi la mbao. Singapore kwake ilikuwa kituo kimoja kati ya vingi, na huwezi kumlaumu mfanyabiashara kwa hilo, ila wakazi wa mji wangefanya vizuri kulijua.

Ndo tunafika usiku wa Oktoba 8, 1871. Kiangazi kilikuwa kikali, upepo umekuja kwa nguvu, na kwa usiku mmoja vikawaka vitu ambavyo mpaka leo watu hawavimalizi kuvisimulia. Chicago iliungua, watu kama 300 walikufa na wapatao laki moja wakabaki bila makazi. Usiku huohuo Peshtigo, mji wa mbao kule Wisconsin, ukateketea na vijiji vya jirani, waliokufa hawapungui 1,200, ndo moto wa msitu ulioua watu wengi kuliko wote kwenye historia ya Marekani, lakini kwa sababu Chicago iliungua siku hiyohiyo, Peshtigo ikamezwa kwenye habari. Upande wa Michigan ikaungua Manistee, ikaungua Holland, mji wa Waholanzi kilomita chache tu kaskazini ya Singapore. Singapore yenyewe moto haukuigusa.

Kwa mwenye kiwanda cha mbao hiyo ni neema ya ajabu. Miji inayokuzunguka imegeuka majivu na yote inataka mbao leo, sio kesho. Viwanda vikapiga kazi usiku na mchana, wakakata kila kilichobaki, na hapa ndipo hadithi ya kawaida inapokuwa sahihi: miti ya kwenye vilima vya mchanga karibu na mji nayo ikaenda. Bei nzuri, gogo jirani, nani angeiacha.

Lakini endelea kusoma tarehe. Mwaka 1875, miaka minne baada ya moto, mashine zikafunguliwa bolti kwa bolti, zikapakiwa melini, zikapelekwa St. Ignace, kaskazini kabisa kwenye mlango wa Mackinac, kulikokuwa na misitu ambayo haijaguswa. Stockbridge huyohuyo alikuwa rais wa Mackinac Lumber Company. Paini ya bonde la Kalamazoo ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mwenye mali akahamisha mtaji kufuata paini. Siku mashine ilipoondoka, mji uliondoka. Kazi hamna, mshahara hamna, meli haina sababu ya kuingia. Watu wakabeba vyao, wengi wakahamia The Flats, na nyumba zilizokuwa na hali nzuri zikang'olewa zikaenda nao, maana nyumba ya mbao kule inahama kama fanicha. Jengo linalotajwa kuwa ndo ile benki lipo Saugatuck mpaka leo.

Mchanga je? Ulikuwa unaingia, ndiyo. Lakini kilima cha mchanga hakiruki kama wimbi. Upepo unanyanyua punje upande wa ziwani, punje inaruka kidogo inaanguka, inagonga nyingine nayo inaruka, zinapanda mgongo wa kilima, zikifika kileleni zinamwagika upande wa pili ambao hauna upepo. Kilima kizima kinatembea hivyo, kwa hatua za mwaka hadi mwaka. Penye mizizi ya majani magumu ya ufukweni na miti, punje hazipati pa kurukia na kilima kinatulia. Ng'oa mizizi, kinaanza safari tena. Ndo kazi iliyofanyika Singapore baada ya 1871. Sasa mchanga wa hivyo mtu aliye nyumbani anapambana nao, anachota na koleo, anajenga uzio, anapanda majani, anapiga kelele kwenye baraza. Singapore baada ya 1875 hapakuwa na mtu wa kushika koleo.

Kuna ile stori ya nyumba ya ghorofa tatu ya kulaza wafanyakazi, inasimuliwa kwamba mtu mmoja aligoma kuhama, mchanga ulipofika madirishani ghorofa ya chini akahamia ya kati, ulipofika ya kati akahamia ya juu, na mwisho akawa anaingilia dirishani mpaka paa lenyewe lilipoanza kulingana na ardhi ndo akasalimu amri. Mimi naipenda hii stori hata kama imepambwa, kwa sababu ukiitafakari inathibitisha kinyume cha wanachotaka ithibitishe. Kama mtu alipata muda wa kuhama ghorofa tatu, moja baada ya nyingine, basi mchanga haukufukuza mji kwa ghafla. Aliyebaki alikuwa mmoja na wengine wote walikuwa wameshaondoka kwa sababu ya mshahara. Hata kibao cha kumbukumbu ya Singapore kilichowekwa Saugatuck kinafuata mpangilio huo: mbao ziliisha, viwanda vikafungwa, watu wakaondoka, kisha taratibu mchanga ukafunika. Kibao kipo wazi, ila wasimuliaji wanakisoma kutoka chini kwenda juu.

Ushahidi mwingine ni Saugatuck yenyewe, na kwangu huu ndo mzito kuliko wote. Ipo kwenye mto uleule, kwenye township ileile, iliuza paini ileile kwa Chicago ileile, na ng'ambo ya mto mbele ya kijiji kuna kilima cha mchanga kirefu kinaitwa Mount Baldhead, jina lilikuja kwa sababu kilikuwa na upara kabisa, mchanga mtupu, na kilikuwa kinausogelea mto. Kwa hesabu ya hadithi ya kawaida Saugatuck nayo ilitakiwa iwe chini ya mchanga. Walichofanya ni kupanda miti juu ya kilima. Leo kina msitu, na ngazi zaidi ya 300 za mbao za kupandia mpaka juu, watalii wanapanda wanahema.

Kwanini wao waliweza? Kwa sababu walikuwa bado wapo, na walikuwa bado wapo kwa sababu walipata kitu kingine cha kuuza. Ziwa kubwa lina tabia ya kuchelewesha baridi wakati wa vuli na kuchelewesha joto wakati wa masika, kwa hiyo mti wa matunda hauwahi kuchanua ukakutwa na barafu, na ndo maana ukanda ule wote wa magharibi mwa Michigan ni wa pichi na matufaha. Ardhi iliyokatwa paini nyuma ya vilima ikageuka mashamba ya matunda, vikapu vya matunda vikaanza kupanda zile meli zilizokuwa zinabeba mbao, vinaenda Chicago hukohuko. Halafu meli zikaanza kurudi na watu wa Chicago wanaokimbia joto la mjini. Mwaka 1909 kikajengwa ukumbi mkubwa wa dansi pale mtoni, Big Pavilion, uliodumu mpaka ulipoungua mwaka 1960, na mwaka 1910 wachoraji wawili kutoka Chicago, Frederick Fursman na Walter Marshall Clute, wakaanzisha shule ya sanaa ya Ox-Bow karibu kabisa na ilipokuwa Singapore. Jina Ox-Bow lina maana yake pale, maana mwaka 1906 mdomo wa mto ulinyooshwa kwa kuchimbwa mkondo mpya, na mkondo wa zamani uliokuwa unajikunja ukabaki kama bwawa la maji yaliyotulia. Kwa hiyo hata ule mdomo wa mto aliouuza Wilder haupo tena pale alipouchora. Mnara wa taa uliobaki kwenye mdomo wa zamani ukavunjwa na kimbunga mwaka 1956.

Kijiji cha Butler, kilichokuwa cha pili kwa kila kitu, kikabaki. Mji uliopangwa kushinda Chicago ukawa mahali pa matembezi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeushughulikia sana.

Halafu ardhi ile ikapata bei tena. Mwaka 2006 bilionea wa gesi kutoka Oklahoma, Aubrey McClendon, alinunua kama ekari 400 pande zote mbili za mdomo wa mto, eneo la Singapore likiwemo, akitaka kujenga. Township ilikuwa imeweka sheria za matumizi ya ardhi za kulinda vilima, akaifungulia kesi. Hebu piga picha, baraza la shamba lenye bajeti yake ndogo mbele ya mawakili wa bilionea, miaka inaenda, pesa za walipakodi zinaenda. Upande wa kusini wa mto hatimaye ukauzwa ukawa hifadhi ya wazi kwa watu wote. McClendon alikufa mwaka 2016, na upande wa kaskazini, wenye Singapore chini yake, ukachukuliwa na waendelezaji wengine wenye mpango wa nyumba za kifahari na bandari ndogo ya boti inayochimbwa ndani ya ardhi.

Kikundi cha wakazi na wahifadhi, Saugatuck Dunes Coastal Alliance, kikapinga vibali vya township, wakitaja vilima vyenyewe, mimea na wanyama adimu, na mabaki ya mji yaliyopo chini. Mahakama za chini zikawaambia nyie hamna haki ya kukata rufaa, hamjaonyesha madhara ya kipekee kama wenye mali. Julai 2022 Mahakama Kuu ya Michigan ikatengua msimamo huo, ikasema mtu anayepinga uamuzi wa matumizi ya ardhi halazimiki kuwa mwenye mali, wala kupimwa kwa kulinganishwa na majirani wenye mali tu. Uamuzi huo sasa unatumika jimbo zima, township zote za Michigan.

Ukisoma makaratasi ya mradi huo mpya unakuta kinachouzwa ni viwanja vya mdomo wa Mto Kalamazoo, upande wa kaskazini, vyenye maji ya kuegesha boti.